Ukakasi

Mke wangu aliniuliza jioni moja kama kusikiliza pombe nako kunalevya. Nilikuwa jikoni naosha vyombo, hedifoni nimechomeka sikio moja, namfuata mzee mmoja wa Kiitalia aliyekuwa anaeleza kwa nini baba yake aling'oa nusu ya mizabibu ya ukoo. Saa moja na dakika arobaini zilishapita na mzee hajafika kwenye chupa. Nikamjibu kwamba hakulevyi.

"Basi mbona sahani hiyo umeisuuza mara tatu?"

Mimi si mnywaji wa kuhesabika. Glasi moja harusini, ya pili nikilazimishwa na shemeji, basi. Kazi yangu ni redio. Kwa miaka kumi na minane nimeishi kwa kuwauliza watu maswali. Mvinyo uliniingia kwa mlango wa kazi. Nilipewa kipindi cha kuandaa kuhusu zabibu za Dodoma, nikakaa na kalamu na karatasi, nikagundua sina swali hata moja linalostahili jibu. Ningeuliza nini, "Mnalimaje?" Fundi mitambo wetu, kijana anayeishi ndani ya simu yake, akanipakulia podikasti chache za watu wa mvinyo kwa Wi-Fi ya ofisi, kabla bando halijaniumbua. Kipindi kile kilirushwa kikasahaulika. Podikasti zimebaki. Njia yangu ni Mbagala hadi Kariakoo, na anayeijua foleni ya Mbagala atanielewa nikisema kwamba mahojiano ya saa mbili si marefu.

Niliyoanza nayo, na ambayo mpaka leo naiona mwalimu wa nyingine zote, inaitwa I'll Drink to That! Mwenyewe ni Levi Dalton, Mmarekani aliyekuwa mhudumu wa mvinyo katika mikahawa ya New York, yaani yule mtu anayekuja mezani kukushauri chupa ipi iende na samaki wako. Aliianza mwaka 2012, na amehoji mamia ya watu: wenye mashamba, waagizaji, wauzaji, waandishi. Huanza mbali. Ulikulia wapi, nyumbani kwenu mezani kulikuwa na nini, mzee wako alikuwa mtu wa namna gani, mwaka wako wa kwanza peke yako ulikosea wapi. Halafu ananyamaza. Mimi ninayelipwa kwa kuziba ukimya, nilipousikia ukimya ule mara ya kwanza nilidhani simu imeisha chaji.

Kwetu redioni mgeni hupewa dakika saba. Swali fupi, jibu fupi, wimbo. Na mgeni wa dakika saba hukupa alichokuja nacho mfukoni, maana kila mtu ana jibu la mfukoni. Mwenye shamba la mizabibu atakuambia kwamba mvinyo hutengenezwa shambani. Atakuambia yeye haingilii kitu, anaiachia ardhi iseme. Jibu hilo nimelisikia kwa lafudhi za kila namna. Hadanganyi, amevaa tu shati la kutokea. Lakini ikifika dakika ya ishirini, ya ishirini na tano, ya mfukoni huisha, na mtu akiwa bado ameketi, na aliye mbele yake haangalii saa, huanza kuzungumza kama anavyozungumza na ndugu zake usiku wa matanga. Hapo ndipo utakaposikia habari za pipa lililogeuka siki, za kaka wawili waliogawana shamba la baba na hawasalimiani mpaka leo, za mwaka aliouza mvinyo anaojua fika kwamba ni mbaya kwa sababu watu wa benki walikuwa mlangoni.

Wahenga walimjua mgema, kwamba akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo tumeizoea kama kejeli kwa mgema. Siku hizi naisikia kama onyo kwa anayesifu. Mhojaji anayefungua mazungumzo kwa "wewe ni gwiji wa taaluma hii" amekwisha kulitia maji tembo atakaloletewa, na mimi nimefungua hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Jambo la kwanza lililonishika katika mazungumzo hayo lilikuwa hesabu. Mzabibu wa Ulaya huvunwa mara moja kwa mwaka. Mtu akianza na miaka ishirini na mitano akastaafu na sitini na mitano, ametengeneza mvinyo mara arobaini maisha yake yote. Mama ntilie wa nje ya ofisi yetu hupika chapati arobaini kabla jua halijachomoza vizuri. Akizidisha maji leo, kesho anarekebisha. Mtengeneza mvinyo akikosea Septemba, nafasi ya kurekebisha ni Septemba ijayo, nayo itakuja na mvua zake na joto lake, kwa hiyo hata swali litakuwa limebadilika. Mzabibu wenyewe ukiupanda leo, mavuno ya maana utayasubiri mpaka mwaka wa tatu. Ndiyo maana watu hawa wanasimuliana sana. Mara arobaini hazitoshi kumfundisha mtu. Inabidi aazime miaka ya baba yake, ya jirani, hata ya hasimu wake, na miaka haiazimwi kwa dakika saba.

Chukua habari za Serge Hochar wa Château Musar, Lebanoni. Mizabibu yake ilikuwa Bonde la Bekaa, kiwanda kikiwa Ghazir, ng'ambo ya milima, upande wa bahari. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, kuanzia 1975 hadi 1990, vilipita katikati ya shamba na mapipa. Mwaka 1976 hakutengeneza chochote. Mwaka 1984 malori yalikwama njiani siku kadhaa, zabibu zikaanza kuchacha humo humo ndani ya malori. Miaka mingine ya vita alitengeneza. Ukiyakuta hayo yameandikwa nyuma ya chupa ni mstari mmoja wa kumpamba mwenye nayo. Yakisimuliwa taratibu, unaanza kumfikiria dereva wa lori lile, amelala chini ya gari, nyuki juu, harufu ya chachu inapanda, barabara mbele inapigwa mabomu na nyuma inapigwa mabomu, naye mshahara wake ni wa kubeba matunda.

Jambo la pili lilikuwa neno.

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nasikia tanini. Mvinyo huu una tanini nyingi, ule zake ni laini, wa mwaka fulani tanini zilikuwa hazijaiva. Niliiandika kwenye daftari kama mwanafunzi anayekariri kemia: hutoka kwenye maganda ya zabibu, kwenye kokwa na kwenye vikonyo, mvinyo mwekundu unazo kwa sababu huchachushwa pamoja na maganda, na rangi hutoka huko huko, mweupe hukamuliwa kwanza, maganda yakatupwa, ndiyo maana unazo kidogo sana. Walisema zinashika mdomo. Walisema zinakausha. Mmoja alizifananisha na ngozi ya kiatu. Nilielewa kila neno na sikuelewa kitu.

Kisha asubuhi moja, ilikuwa Desemba, nilinunua zambarau kwa kijana mwenye beseni pale kituoni. Aliniwekea kwenye kifuko cha nailoni, nikazila nimesimama. Ya kwanza tamu. Ya pili tamu. Kufika ya sita mashavu yakaanza kuvutwa kwa ndani, ulimi ukawa kama umefutwa kwa kitambaa kikavu, meno yakawa na vumbi lisilokuwapo. Nikasahau daladala. Ukakasi! Neno nilikuwa nalo tangu utotoni, tangu mabibo ya korosho ya bibi yangu Mkuranga, ambayo ukila matatu mfululizo unashindwa kupiga mluzi. Tulikuwa tukishindana, na aliyepiga mluzi ndiye aliyeonekana hajala. Ni neno la watoto na la ndizi mbichi. Halina cheo. Nami nilikuwa nimevuka bahari kwa masikio kwenda kulitafuta kwa jina la kigeni, wakati lilikuwa limekaa kwenye fizi zangu miaka arobaini.

Tena Kiswahili kina uangalifu hapa kuliko nilivyodhani. Ugwadu wa embe bichi hatuuchanganyi na uchachu wa maziwa yaliyolala. Na ukakasi hatuuhesabu kama ladha, kama ilivyo tamu au chungu. Tunausema kama jambo linaloupata mdomo, kama ganzi, kama baridi. Ndivyo ulivyo kweli. Tanini hukamatana na protini za mate, mate yakapoteza utelezi wake, ngozi ya mdomo ikasuguana. Ni mguso. Aliyelitia neno hilo katika lugha yetu hakuwa na maabara, alikuwa na bibo.

Baada ya siku ile nilianza kusikiliza kwa namna nyingine. Mtu akitaja harufu ya tunda nisilolijua, silihangaikii tena. Nasubiri aseme jambo la mkono au la mdomo. Na husema. Kwa mfano, wengi wao siku za mavuno zikikaribia hupita shambani wakitafuna zabibu, wakazitema kokwa kiganjani na kuzitazama rangi. Zikiwa kijani, bado. Kokwa mbichi ina ukakasi mkali, na ukiingia kwenye mvinyo ni shida kuutoa. Zikiwa za kahawia na zinavunjika kama karanga iliyokaangwa, ita wavunaji. Mtu ana mashine ya kupima sukari mfukoni, lakini bado anatafuna na kutema.

Nisijifanye mfuasi kipofu. Kuna podikasti za mvinyo ambazo ni wanaume wawili wakionyeshana ujuzi wa mawe na udongo, na baada ya nusu saa unatamani wimbo. Kuna pia hatari ambayo kwa mtu wa sikio kama mimi ni kubwa zaidi: msimulizi hodari huutia mvinyo wake utamu usiokuwamo. Tarehe 24 Mei 1976, jijini Paris, Mwingereza mmoja mwenye duka la mvinyo, Steven Spurrier, aliwaketisha waonjaji wenye majina makubwa wa Ufaransa akawamiminia mvinyo wa kwao na wa California bila kuwaonyesha chupa. California ikachukua nafasi ya kwanza kwa mweupe na kwa mwekundu. Lebo ilipofichwa, ulimi ulisema jingine. Masimulizi nayo ni lebo, tena ya saa mbili. Kwa hiyo nikimpenda sana mzungumzaji, hujiambia nisiitafute chupa yake mpaka wiki ipite. Ni nadhiri nyepesi kuitunza: hapa Dar chupa yenyewe aghalabu haipo, na ikiwepo, nikiiona bei naikumbuka ada ya shule.

Iliyonirudisha Dodoma ni habari ya kijiji cha Barbaresco, kaskazini mwa Italia. Mwaka 1958 paroko wa pale, Don Fiorino Marengo, aliwakusanya wakulima wadogo kumi na tisa wakaunda ushirika, Produttori del Barbaresco. Mavuno matatu ya kwanza waliyatengenezea chini ya kanisa, baadaye wakajenga kiwanda ng'ambo ya uwanja. Leo wanachama ni zaidi ya hamsini, na mvinyo wao unaheshimika popote panaponywewa mvinyo. Niliposikia mwaka ule nilisimamisha rekodi. Ni katika miaka hiyo hiyo ya 1950 wamisionari Wakatoliki walipopanda mizabibu Bihawana, nje kidogo ya Dodoma, kwa ajili ya divai ya misa. Huku padre na mzabibu, kule padre na mzabibu. Kule mkulima ana hisa kwenye pipa. Huku wengi wao safari yao huishia kwenye kreti, wakimsubiri mwenye lori. Wapo wanaokamua wenyewe na kuwauzia wenye viwanda vya chupa kile kinachoitwa mchuzi wa zabibu. Nakiri kwamba mara ya kwanza nilipolisikia jina hilo niliuona mchuzi huo umemwagwa juu ya wali.

Na Dodoma ina jambo ambalo Ulaya haina. Mzabibu wa huko haulali baridi ya miezi minne, kwa hiyo huvunwa mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na tena karibu na Agosti na Septemba. Pale Mtaliano anapostaafu na mara zake arobaini, mkulima wa Dodoma ana themanini. Mimi nilikuwa nimemhoji mmoja wao, kwa kipindi kile, dakika kumi na mbili. Niliirudia rekodi. Nilimuuliza changamoto ni nini, akanijibu changamoto ni soko, mtaji na pembejeo. Jibu la mfukoni, la pasi, limekunjwa vizuri. Nikamshukuru nikaenda kula.

Nilirudi mwishoni mwa Oktoba mwaka uliofuata, kwa nauli yangu, bila kipindi. Shamba lake liko pembeni ya barabara ya Iringa, eka moja na nusu, udongo mwekundu, upepo usiokoma. Nilimwamkia, nikajaribu na "Mbukwa" yangu ya kubahatisha, akacheka akaniambia, "Karibu, mwanangu. Leo umekuja bila gari la redio." Alikuwa anapogoa kabla ya mvua. Nikageuza kreti nikakaa. Alikuwa akishika tawi, anahesabu macho kwa kidole gumba, moja, mawili, anakata juu kidogo ya la pili, anasogea. Kwa nusu saa nzima sikuuliza kitu. Nataka niwe mkweli: ilikuwa kazi ngumu. Mara tatu nilifungua mdomo nikaufunga, kama samaki.

Alianza mwenyewe. Alianza na debe la maji, alilolibeba akiwa mtoto kwenda kumwagilia mizabibu ya wamisionari, na jinsi walivyokuwa wakikatazwa kula hata punje moja, na jinsi walivyokula. Akaja kwenye miche yake ya kwanza, aina ya Makutupora, aliyoibeba begani. Kisha akazungumza juu ya mkewe marehemu, ambaye ndiye aliyejua kupogoa. Yeye alikuwa anakata hovyo, na mkewe alikuwa akipita nyuma yake jioni kurekebisha bila kumwambia, miaka mingi, mpaka alipougua ndipo mizabibu ikaanza kuzaa vibaya naye akaelewa. Aliyasema haya huku anakata. Hakunitazama.

Saa ya pili ikaja habari ya mwaka ambao lori halikuja. Tani mbili za zabibu zimelala kwenye kreti chini ya mwembe, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, nyuki wamejaa mpaka watoto wanaogopa kwenda chooni, simu ya mnunuzi inaita haipokelewi. Siku ya nne akachimba shimo. "Mbuzi niliwapa," akasema, "nao wakala, wakala, wakasusa." Tukacheka wote wawili, halafu yeye akaacha kwanza.

Jua lilipoanza kushuka aliketi, akachukua maji, akaniuliza nililala wapi. Nikamtajia nyumba ya wageni ya mjini. Akauliza kama nilikunywa divai ya hapa. Nikasema ndiyo, glasi moja, jana usiku.

"Mimi nimeokoka tangu 1983," akasema. "Sijaionja. Watu wanakuja hapa wananiuliza mimi habari zake, sijapata mtu wa kumuuliza. Ikoje?"

Nikaanza kutafuta maneno. Nilikuwa na daftari zima la maneno kichwani na hakuna lililofaa. Nikasema ina rangi ya zambarau, na harufu yake iko upande huo huo. Nikasema ina uchachu kidogo, si mbaya. Nikasema ukishameza unabaki ukakasi, mwingi.

Alikuwa amekwisha kuyashika tena makasi yake. Akatulia.

"Ukakasi wa ulimini, au wa kwenye fizi?"

Hilo sikuwahi kumsikia mtu akimuuliza mwenzake, kwa saa zote nilizosikiliza. Nikafumba macho, nikapitisha ulimi mdomoni kutafuta jana usiku.

"Wa kwenye fizi, mzee."

"Kokwa zilikuwa bado kijani," akasema. Akashika tawi jingine, akahesabu. "Lori lilikuja mapema."